Mkono wa Raia Unaishia Wapi

Hotuba kwa mashefu wa avenyu, wamama wa soko, manseba (waendesha pikipiki za abiria) na vijana wa patruyi (doria) ya usiku, komini ya Katuba, Lubumbashi

Shefu wa kartie, mashefu wa avenyu, wamama, wababa, ndugu zangu manseba, na ninyi vijana mnaokesha mkilinda milango ya wenzenu: asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniita kama avoka, yaani wakili, lakini mimi ni mtoto wa Katuba, na hofu ya usiku wa hapa naijua bila kusimuliwa.

Nianze na neno ambalo kila mtu humu ndani analo mdomoni. "Mukimupeleka kwa polisi, kesho banamuachilia, na keshokutwa anarudia mu kartie." Nimelisikia sokoni, nimelisikia kwenye matanga, nimelisikia mlangoni mwa kanisa baada ya misa, likisemwa na watu wazima wenye kumwogopa Mungu. Sitalipuuza, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mama aliyevunjiwa mlango saa nane za usiku, akalazwa chini mbele ya watoto wake, akanyang'anywa cherehani ambayo bado alikuwa anailipia kidogo kidogo, halafu wiki ya pili akamwona kijana yule yule amekaa kwenye kona anakunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, mama huyo ana haki ya kukasirika. Sitamwambia atulie. Ninachotaka tukichunguze pamoja ni kwa nini yule kijana yuko pale kwenye kona.

Jibu la haraka ni rushwa. Rushwa ipo, nitafika hapo na sitauma maneno. Lakini ipo sababu nyingine, na hiyo tunaitengeneza sisi wenyewe.

Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 18 Februari 2006 kinasema mtu hawezi kuwekwa kasho, yaani mahabusu, ya polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, ama anaachiliwa, ama anapelekwa mbele ya wenye mamlaka ya mahakama, yaani parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Ndani ya saa hizo OPJ, ofisa wa polisi anayechunguza makosa, anatakiwa kuandika PV, yaani karatasi ya maelezo ya kesi, yenye maana: aliyeibiwa ni nani, kimeibiwa nini, nani ameona, nani amemkamata, wapi, saa ngapi, na kile kitu chenyewe kiko wapi sasa. Haya, tuangalie jinsi sisi tunavyofika kituoni. Watu mia mbili wanamburuta kijana. Uso umevimba, nguo zimechanika, hawezi hata kutaja jina lake. Wanapiga kelele, wanamsukuma ndani, wanaondoka. OPJ anauliza: mlalamikaji ni nani? Kimya. Mwenye simu ameshaipata simu yake, amekwenda zake kazini. Aliyeona kwa macho anaogopa ndugu za kijana. Aliyemshika wa kwanza anajua kwamba amempiga, hataki jina lake liingie kwenye karatasi. Mikono mia nne ya kupiga ilipatikana bila shida, na mdomo mmoja wa kushuhudia umekosekana.

Karatasi hiyo ikifika parke, inafika tupu. Hakuna mlalamikaji, hakuna shahidi, hakuna kitu kilichoibiwa. Avoka wa mtuhumiwa, kama anaye, ana swali moja tu la kuuliza: mteja wangu ameshitakiwa na nani? Ninalijua swali hilo kwa sababu ni mimi ninayeliuliza. Ndiyo kazi yangu, na hata kama aliyesimama mbele ya jaji ni kijana aliyeniibia mimi mwenyewe, ningetaka mtu amwulizie. Na zaidi ya hapo, kijana aliyepigwa na umati anatoka na ushahidi kuliko sisi. Yeye ana vidonda, ana karatasi ya daktari, ana jicho lisiloona tena. Sisi tuna hasira tu, na hasira haiandikwi kwenye PV.

Kwa hiyo ninaposikia "banamuachilia", nauliza kwanza: nani alikwenda kuandikisha malalamiko? Nani alirudi kesho yake kuuliza faili limefika wapi? Nani alikwenda siku ya kesi? Mahali ambapo mtu alikwenda, akataja jina lake, akaacha kile kitu kama kielelezo, akarudi tena na tena, mambo huwa tofauti. Hayawi mazuri siku zote, lakini huwa tofauti.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Wapo wanaofikiri sheria ya Kongo inamtaka raia akae ndani, azime taa na kusubiri polisi ambao hawaji. Sivyo. Dekreti ya 6 Agosti 1959, ile inayoongoza mwenendo wa kesi za jinai mpaka leo, inasema katika kifungu chake cha 6 kwamba mtu akikutwa katika kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka mitatu au zaidi, na papo hapo hakuna OPJ wala mwenye mamlaka ya mahakama, mtu yeyote anaweza kumkamata na kumpeleka mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu zaidi. Mtu yeyote! Muuza makala, manseba, mwanafunzi, mama mjane. Wizi wa kawaida unaweza kufungisha hadi miaka mitano, kwa hiyo umo ndani ya kifungu hiki. Na kifungu kinachofuata kinaeleza nini maana ya kukutwa katika kosa, na humo imetajwa hata kelele ya umma: mtu anayekimbizwa na watu wakimpigia kelele, wakati kosa ni la sasa hivi, anahesabiwa kama aliyekutwa anatenda. Mama anapotoka nje na kupiga "Mwivi! Mwivi! Mukamate!", sauti yake ina nafasi ndani ya sheria.

Basi mkono wa raia una kazi. Unashika. Unazuia asikimbie. Unampeleka. Na kazi hiyo inaishia mlangoni mwa kituo. Naomba vijana wa patruyi mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria imesema mara moja. Haikusema umweke kwanza kwenye nyumba isiyomalizika kujengwa ili umhoji ataje wenzake. Haikusema umfunge kwenye mti mpaka asubuhi ili watu wote wapite wamwone. Haikusema umvue nguo. Haikusema umpeleke kwa mkubwa wa kikundi chenu akatoze faini. Mkimshikilia wenyewe, kuanzia dakika hiyo ninyi ndio mnaovunja sheria, na akifa mikononi mwenu, kesi ya wizi imekwisha na kesi ya mauaji imeanza.

Na kama hakukutwa, kama ni fununu ya juzi, kama ni "tunamushuku huyu tangu zamani", basi kifungu cha 6 hakikuhusu kabisa. Fununu ipelekwe kwa OPJ. Hiyo tu.

Najua kuna anayejiuliza: na yule aliyeingia kwangu na panga? Kama yuko mbele yako na panga limeinuliwa, unajitetea wewe na watoto wako, na majaji wanaelewa hivyo. Lakini kujitetea kunakwisha pale hatari inapokwisha. Akishaanguka, akishanyang'anywa panga, akishafungwa kamba, kila pigo linalofuata ni pigo kwa mtu asiyeweza kuinua mkono. Hapo hujitetei tena.

Tuongee juu ya tairi, lile linalovishwa mshukiwa na kuwashwa moto. Ni neno gumu kulitamka mbele ya wamama, lakini tumeliona katika mji huu na watoto wetu wameliona. Kanuni za adhabu za 30 Januari 1940, kifungu cha 80, zinasema wizi usio na nguvu wala vitisho unaadhibiwa kwa kifungo cha mwezi mmoja mpaka miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Mwezi mmoja mpaka miaka mitano! Hicho ndicho taifa lilichopima kwa ajili ya simu, kuku, batri ya gari. Hakuna jaji yeyote katika nchi hii, hata awe mkali namna gani, mwenye uwezo wa kumhukumu mtu kifo kwa ajili ya simu. Jaji aliyesoma, aliyeapa, anayekaa na faili mbele yake, hana uwezo huo. Tuliutoa wapi sisi, saa tano za usiku, bila hata kumuuliza mtu jina lake?

Na asijifiche mtu ndani ya wingi. Kifungu cha 21 cha kanuni hizo hizo kinamhesabu kuwa mtenda kosa kila aliyeshiriki moja kwa moja, na kila aliyetoa msaada ambao bila huo kosa lisingetendeka. Aliyeleta tairi yumo. Manseba aliyefungua tangi lake na kutoa esansi yumo. Aliyekwenda dukani kununua kibiriti yumo, hata kama hakurusha jiwe moja. Vifungu vya 66bis na 66ter vinamgusa hata aliyesimama pembeni: anayeweza kuzuia kwa kitendo chake mtu asiumizwe, bila yeye mwenyewe kujihatarisha, akaacha kwa makusudi, na anayekataa kumsaidia mtu aliye hatarini. Sasa mfikirie kijana aliyeinua simu yake, akachukua video mwanzo mpaka mwisho, akaisambaza. Ameandika kwa mkono wake ushahidi kwamba alikuwepo, kwamba aliona, kwamba alikuwa na simu ya kumpigia mtu na hakupiga. Ameweka pia sura za jirani zake mbele ya mwendesha mashtaka yeyote atakayetaka kuzitazama. Na mtoto wa miaka sita anaiangalia video hiyo kwenye simu ya mama yake, anauliza: "Mama, ule mutu anafanya nini?" Mtamjibu nini?

Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba umati haumchagui mwizi. Unamchagua anayeshikika. Mwizi hodari anajua njia, ana wenzake, mara nyingine ana bunduki, na kuna wanaosema wana vazi la serikali kabatini. Huyo hashikiki. Anayeshikika ni mlevi aliyekosea mlango wa nyumba. Ni mgonjwa wa akili anayezungumza peke yake. Ni mgeni aliyeshuka treni jana, hajui avenyu hii inaishia wapi, na akiulizwa anatetemeka. Ni mtoto wa barabarani. Tunao katika mji huu watoto ambao familia zao ziliwatupa kwa kuwaita wachawi, jambo ambalo Katiba inalikataza wazi katika kifungu cha 41, na sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaliadhibu. Mapadri wa Don Bosco wamewapokea wengi pale Bakanja kwa miaka na miaka. Mtoto wa namna hiyo akipita na kitu chochote mkononi, macho yote yanamwangukia. Amehukumiwa mara ya kwanza nyumbani kwao, tunamhukumu mara ya pili barabarani.

Na kuna wanaoujua umati na kuutumia. Katika kazi yangu nimekutana na kesi ya mtu aliyekwenda kudai deni lake. Makaratasi alikuwa nayo, mashahidi alikuwa nao. Mdaiwa alitoka nje, akapiga kelele neno moja: mwivi! Watu waliokuwa wanapita, ambao hawakujua lolote juu ya deni wala makaratasi, wakaanza kazi. Mdai alipona kwa sababu mama mmoja muuza mikate alimtambua, akajilaza juu yake. Yeye peke yake. Bila mama huyo, deni lingefutwa kwa jiwe, na umati ungerudi nyumbani ukiamini umefanya haki.

Sasa nitagusa kidonda. Najua wapo humu watakaosema avoka ameingia siasa. Nitakigusa hata hivyo, kwa sababu sisi watu wa Katanga hatuna haki ya kukisahau.

Agosti 1992, baada ya Kongamano Kuu la Taifa kule Kinshasa kumchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu, hapa kwetu vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI, walijipa kazi. Walikuwa vijana kama hawa waliokaa mbele yangu. Hawakuwa polisi, hawakuwa majaji. Lakini waliamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani abaki katika nyumba yake na nani aondoke. Likasi, familia zenye asili ya Kasai zilitolewa majumbani, zikarundikana stesheni na mashuleni zikisubiri treni. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu hao wengi walizaliwa hapa hapa. Baba zao na babu zao ndio walioletwa kuchimba shaba ya Union Minière na kutandika reli. Mamia ya maelfu waliondoka. Watoto walikufa stesheni kwa njaa na kuhara, wengine walikufa ndani ya mabehewa. Wenye mamlaka walikuwepo na waliona. Hakuna aliyewazuia vijana wale, na wapo waliowachochea.

Mnaweza kusema: avoka, kuna mbali kati ya hayo na mwizi wa kuku. Nasema hapana, njia ni moja. Siku kikundi cha vijana kinapopata ruhusa ya kuamua kwamba fulani ni mbaya, bila faili, bila kumsikiliza, kwa kelele tu, hakuna tena mtu wa kuchagua neno litakalopigwa. Leo ni mwivi. Mwaka 1992 lilikuwa neno lingine. Agosti 1998, kule Kinshasa, waasi walipokaribia mji, neno lilikuwa muasi, na watu walichomwa kwa matairi barabarani kwa sababu ya sura zao au namna walivyotamka maneno. Ndugu zangu manseba, baadhi yenu mmetoka Kasai miaka hii ya karibuni kutafuta maisha. Mnajua jinsi watu wanavyowatazama katika baadhi ya avenyu siku pikipiki ikigonga mtoto. Mnataka mji ambamo umati una desturi ya kuhukumu?

Kuna swali gumu kuliko yote, na aliniuliza kijana mmoja hapa mlangoni kabla hatujaanza. Aliniambia: haya, lakini mahali ambapo hakuna jaji kabisa? Akanitajia Goma na Bukavu. Ni swali la haki. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, wafungwa walitoroka kwa maelfu kutoka gereza la Munzenze. Katikati ya Februari gereza kuu la Bukavu nalo likabaki tupu. Majaji waliondoka, polisi waliondoka, silaha zikazagaa mikononi mwa watu. Watu walioibiwa mchana walijikuta bila mlango wa kugonga, na tulisikia redioni jinsi washukiwa walivyopigwa na kuchomwa katika makartie.

Sitawahukumu ndugu zetu wa Kivu nikiwa nimekaa hapa Lubumbashi penye umeme na mahakama. Lakini kijana wangu, nitakujibu kwa Katiba. Kifungu cha 61 kinataja mambo ambayo hayawezi kuondolewa hata nchi ikiwa katika hali ya dharura, hata ikiwa vitani. La kwanza ni haki ya kuishi. Katazo la mateso limo. Haki ya mtu kujitetea imo. Walioandika walikuwa wametoka katika vita viwili, wanajua nini hutokea majaji wakikimbia, na ndiyo sababu waliandika hivyo. Na hata pale ambapo jaji hayupo, wazee wapo, padri yupo, mchungaji yupo, shefu wa avenyu yupo. Mtu anaweza kushikwa, kunyang'anywa alichoiba, jina lake na la mashahidi vikaandikwa kwenye daftari, siku ikatunzwa. Daftari litamsubiri jaji. Aliyechomwa hamsubiri mtu. Na sisi hapa, wenye mahakama ya amani, wenye parke, tuna kisingizio gani?

Wengine watasema gereza ni kumwonea huruma, anakwenda kula bure. Aliyesema hivyo hajafika Kasapa, gereza letu la Lubumbashi. Gereza limejaa kupita kiasi, na wengi waliomo hawajahukumiwa, wanasubiri tu. Septemba 2020 wafungwa waliasi, wakalishika gereza kwa siku tatu. Wanawake waliokuwa wamefungwa humo walibakwa siku zote hizo, na hakuna aliyeingia kuwaokoa. Mimi siombi watu wapelekwe Kasapa kwa furaha. Nataka Kasapa irekebishwe, na nimelisema mbele ya wenye mamlaka. Nawaambia tu ninyi mnaotaka mwizi aumie: tayari kuna maumivu ya kutosha huko, hayahitaji tairi letu.

Sasa niwageukie polisi, maana niliahidi. Wapo maofisa wawili waliokaa kule nyuma na ninawashukuru kwa kuja. Ndugu zangu, raia akija na mwizi aliyekamatwa salama, halafu akaambiwa alete makuta ya karatasi, alete makuta ya kalamu, alete makuta ya esansi ya kwenda kumchukua mwenzake, mnamfundisha kitu. Mnamfundisha kwamba tairi ni rahisi zaidi. Na mtuhumiwa akiachiliwa kwa sababu ndugu zake wamepita mlango wa nyuma, aliyeachilia anaandaa mauaji ya wiki ijayo. Nalisema kwa uzito wote: damu ya mtu anayechomwa kwenye kona inawafikia pia waliouza faili la kesi iliyotangulia. Mishahara yenu ni midogo, inachelewa, najua. Mjane aliyeibiwa hana uwezo wa kuwalipa kwa niaba ya serikali.

Na ninyi raia, mkiombwa hela, msirudi nyumbani kunung'unika. Andikeni. Barua kwa mwendesha mashtaka wa parke, yenye tarehe, jina la kituo, na saini ya shefu wa avenyu na watu watano au kumi. Mtu mmoja akilalamika, anaitwa msumbufu. Avenyu nzima ikisaini, barua inasomwa. Mkumbuke pia kwamba kuna ordonansi-sheria ya 24 Februari 1978 juu ya makosa ya kukutwa, inayoruhusu kesi kusikilizwa haraka sana, bila faili kulala miezi. Iko siku zote kwenye vitabu. Inahitaji faili lililokamilika na watu wanaolidai. Ombeni itumike, kwa jina lake na tarehe yake.

Nimalizie na usiku wenyewe, kwa sababu usiku huu wa leo patruyi itatoka.

Jambo moja mnalifanya vizuri na msiliache: filimbi na sufuria. Mji mzima unajua kelele ile ya Lubumbashi, nyumba moja inaanza, ya pili inapokea, mpaka avenyu nzima inalia. Wezi wengi wamekimbia kwa kelele hiyo bila mtu kuguswa. Ni kazi nzuri ya raia, haina damu. Kila nyumba iwe na filimbi, na watoto wafundishwe kwamba haichezewi.

Patruyi isiwe na mtu asiye na jina. Kila kikundi kiwe na orodha kwa shefu wa avenyu: nani anatoka usiku gani, pamoja na nani. Pombe na patruyi haviendi pamoja, hata chupa moja. Mapanga na nyundo zibaki nyumbani. Tochi, filimbi na kamba vinatosha. Kwenye kila kikundi wachaguliwe wawili ambao kazi yao mtu akishikwa ni kusimama kati yake na wengine. Wawe watu wanaoheshimika. Nawaomba sana wamama mkubali kuwemo, kwa sababu nimeona mara nyingi kijana mwenye jiwe mkononi akishindwa kumpita mama wa mwenzake. Manseba, ninyi mko kila kona usiku na mna simu. Wa kwanza kufika asizime pikipiki kwenda kuangalia. Ampigie shefu na kituo kilicho karibu, na kama inawezekana ambebe yule aliyekamatwa, katikati ya watu wawili, moja kwa moja mpaka kituoni.

Kitu kilichoibiwa kisirudishwe kwa mwenyewe pale pale, hata kama analia. Kinakwenda na mtuhumiwa, kinaandikwa, kitarudi. Mwenyewe naye anakwenda, usiku huo huo, anataja jina lake. Akiogopa kwenda peke yake, waende watatu. Kesho yake asubuhi mmoja wao anarudi kuuliza namba ya faili. Namba hiyo inaandikwa kwenye daftari la avenyu, na mkutano wa mwezi unaanza kwa kulisoma daftari: faili fulani liko wapi, nani analifuatilia. Mtaona wenyewe wangapi wanaachiliwa wakifuatwa namna hiyo, na mtakuwa na majina na tarehe za kumwonyesha burgumestre (mkuu wa komini), parke, na hata redio ikibidi.

Mimi na wenzangu wawili wa baraza la mawakili tumekubaliana kuwasindikiza bila malipo walalamikaji wa kartie hii kwa kesi za wizi uliokutwa. Namba zetu ziko kwa shefu. Tutawatetea pia washukiwa wasio na uwezo, na msije mkashangaa mkiniona nimesimama upande huo. Hukumu isiyopingwa na avoka yeyote haina nguvu, hata kwenu ninyi mnaoitaka.

Daftari la kwanza liko hapa mezani, halina kitu bado. Shefu, naomba tuanze na avenyu ya karibu na soko, kwa kuwa ndiyo iliyopata shida wiki hii. Wanaotoka patruyi leo usiku wapite mbele waandike majina, na wale wawili wa kusimama kati tuwachague sasa hivi, kila mtu akiwepo.